Mwonja Chumvi

Ramadhani ile, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, mtu mzima asiyefunga nilikuwa mimi peke yangu. Daktari alikuwa amenikataza, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula, alipe akipona. Lakini ruhusa haiondoi uchungu wa kunywa maji mchana huku nyumba nzima imefunga.

Nilikuwa na kifua kikuu. Kazi yangu ilikuwa kuuza viungo katika duka moja la Marikiti, na kikohozi kilipoanza kila mtu alisema ni vumbi la pilipili. Ilikuwa rahisi kusadiki, maana pale hata mwenye afya yake hupiga chafya. Kisha nikawa naamka shuka limelowa jasho, suruali zikanipwaya, na siku moja makohozi yakatoka na damu. Zahanati ya serikali wakayapima, wakaviona vijidudu, wakanianzishia dawa bila kunitoza hata shilingi. Matibabu ni ya miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne kwa pamoja, minne iliyobaki dawa mbili.

Shangazi ndiye aliyeandikwa kuwa msimamizi wa dawa zangu. Kila asubuhi alisimama mbele yangu na gilasi ya maji, asiondoke mpaka nimeze zote. Madirisha aliyaacha wazi usiku na mchana, ingawa majirani walimwonya kwamba kusi itanimaliza. "Nesi kasema hewa ipite," akawajibu. "Basi ipite."

Nilikuwa nikiswali juu ya kiti, kwa kuashiria. Nikiinama tu kikohozi hunishika, pumzi zikanikatika. Dua niliomba, tena nyingi, lakini niliziomba kama mtu anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa.

Siku za mwanzo za mfungo, baada ya alasiri, shangazi aliniita jikoni. Nilikuwa nimejificha chumbani, kama kawaida yangu saa zile.

"Njoo uonje mbaazi, mwanangu. Mimi nimefunga, na chumvi ya kubahatisha yaharibu futari ya watu."

Nikaonja, nikamwambia bado kidogo. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yangu: kijiko changu, bakuli langu, na kila chungu kupita kwangu kwanza. Uji wa pilipili manga, viazi vya nazi, shira ya kaimati. Kula kulikokuwa kukinitoa machozi sasa kukawa na faida kwa waliofunga. Sidhani kama shangazi alilipanga hilo kwa hekima yoyote kubwa. Alihitaji mtu wa kuonja, na mimi nilikuwepo. Lakini sijawahi kupewa heshima nikaihisi mwilini kama ile.

Katika siku hizo hizo nilisoma habari za rifampisini, ile dawa inayogeuza mkojo ukawa rangi ya chungwa. Asili yake ni bakteria waliopatikana katika udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa, mwaka 1957, wakachunguzwa na wanasayansi wa Milan. Mwaka 1957 shangazi alikuwa mtoto mchanga. Nilisoma habari ile nikairudia. Tangu chuo cha Kurani nilifundishwa hadithi ya Mtume kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake, na nilikuwa naijua kwa moyo, kama tunavyojua mambo mengi ya utotoni. Sasa nikaiona. Udongo ulikuwa umebeba dawa yangu kabla sijazaliwa, kabla hata mama yangu hajazaliwa. Nilidhani dua zangu hazijajibiwa, kumbe jibu lilikuwa limetangulia.

Miezi miwili ilipotimia nilipeleka makohozi tena. Majibu yalitoka siku ya joto, Ramadhani ikiwa katikati. Nesi alisoma karatasi, akaniambia hamna vijidudu, akanibadilishia dawa, akanisisitizia nisiache hata kidonge kimoja kwa sababu najiona mzima. Ugonjwa ulioachiwa njiani hurudi na usugu. Nikarudi nyumbani kwa tuktuk.

Shangazi alikuwa uani, anakuna nazi. Nilipomwambia hakusema neno. Aliinuka juu ya mbuzi, akanawa, akatia udhu, akaivua leso ya kiunoni akaitandika kuelekea kaskazini, ambako kwa sisi wa Mombasa ndiko kibla, akaenda sijda ya kushukuru. Nikatia udhu nami. Nikaenda chini kando yake, paji la uso sakafuni, mara ya kwanza tangu niugue. Kikohozi hakikuja. Nikakaa pale pale chini, nikivuta pumzi moja baada ya nyingine, kila moja ikiingia mpaka mwisho na kutoka, na nilichoweza kusema ni alhamdulillahi, alhamdulillahi, mpaka shangazi akanigusa bega kwamba nazi inangoja na magharibi yaja.

Dawa nilizimaliza Mfungo Nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani. Daktari aliponiruhusu nikaanza kulipa saumu zangu. Siku ya kwanza niliamka kula daku nikamkuta shangazi ameshawasha jiko, anapasha mkate wa sinia, sahani mbili mezani. Yeye hakuwa na deni la saumu hata moja.

"Wafunga nini, shangazi?"

"Nafunga nawe," akasema. "Kula, adhana i karibu."