Siku Yangu Moja: Alfajiri Usaili, Mchana Steshenari

Saa 10 alfajiri simu inatetemeka chini ya mto. Naizima kabla mdogo wangu hajageuka, najifunga kitenge, nakaa kwenye kigoda karibu na soketi. Hapa Kihonda, Morogoro, majirani bado wamelala. Kuanzia sasa mpaka saa 12 muda ni wangu, kwa maana ya kwamba hakuna anayeniita "dada, nitolee kopi mbili".

Najiandaa na usaili wa ajira serikalini, na leo ni zamu ya Katiba. Ibara ya 135 inaanzisha Mfuko Mkuu wa Hazina, ya 136 inaweka masharti ya kutoa fedha humo, ya 143 inamhusu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Naziandika, nafunika daftari, naziandika tena bila kuangalia. Baada ya hapo viwango vya IPSAS, yaani vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, halafu njia ya malipo kwenye MUSE, mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali, ambao sijawahi kuugusa kwa mkono wangu. Naujua kwa kusoma tu, maana wanaoutumia ni watumishi, na mtumishi ndiyo kwanza natafuta kuwa.

Nimeomba Afisa Hesabu Daraja la II. Kwa asiyeijua safari hii: unaomba kwenye Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini, unasubiri majina, unaitwa usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika. Ukipita unaitwa mahojiano mbele ya jopo, na kada nyingine, kama madereva na waandishi waendesha ofisi, katikati wana usaili wa vitendo. Alama 50 ndiyo mstari wa kufaulu, lakini nafasi zikiwa chache wanachukuliwa wa juu tu, kwa hiyo mtu ana 60 na hakuchaguliwa. Na ukifaulu mahojiano nafasi zikawa zimejaa, unawekwa kwenye kanzidata, unangoja itokee nyingine. Tangazo nalo linakukumbusha kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walitangaza nafasi 1,596 wakapata maombi zaidi ya 135,000. Gawanya mwenyewe.

Lakini ndugu wa ukoo wakinikuta msibani wananiuliza, "Bado unasubiri ajira?" Kama vile ajira ni daladala na mimi nimesimama tu kituoni na kipochi changu.

Saa 2 nafungua duka, karibu na stendi ya Msamvu. Asubuhi yote ni kopi, kuprinti, kulamineti, picha za pasipoti, mwanafunzi anayetaka daftari la kaunta kwa bei ya daftari la kawaida. Chini ya meza nimebandika karatasi yenye Ibara zangu. Mashine ikitoa kopi 40 za mtihani wa shule fulani, mimi nasoma. Mama mwenye duka anajua. Ameniambia mara moja tu: mteja akikohoa, macho juu.

Mchana nakula wali maharage na jirani yangu wa bodaboda, naye anaomba Dereva Daraja la II. Leseni yake ni daraja E, cheti cha chuo anacho, na yeye mchujo haumtishi. Anachohofia ni vitendo: kurudi nyuma na gari refu huku mtu ameshika karatasi anakuandika.

Saa 9 alasiri ndipo alipoingia.

Kaka mmoja, shati limechomekwa vizuri, bahasha ya kaki imekunjwa mara nne. "Dada, niombee hii kazi chapchap, inafungwa leo." Kweli, ilikuwa inafungwa saa 5:59 usiku. Kada yenyewe: Afisa Hesabu Daraja la II.

"Akaunti unayo?"

"Ninayo. Paswedi ndiyo siikumbuki."

Paswedi mpya inatumwa kwenye barua pepe. Barua pepe alifunguliwa na steshenari moja huko Ifakara, na paswedi yake haijui pia. Ya kufungulia barua pepe inatumwa kwenye laini ya simu. Laini anatumia mama yake, na mama yuko Ifakara.

Akapiga. "Mama, shikamoo. Kuna namba imekuja kwenye simu, nisomee." Mama akasema hana miwani. Akaitwa mtoto wa jirani, tukamsikia anakuja anakimbia, akasoma salio la bando. "Siyo hiyo, mwanangu, ya juu yake." Akasoma namba sita, moja moja, kwa sauti ya darasani. Nikaingiza. Muda wa namba ulikuwa umekwisha. Tukaomba nyingine. Mtoto naye kumbe alisharudi kucheza. Nyuma ya kaka pale kaunta wamesimama watu wanne, mmoja ana basi la saa 10, ananionyesha saa ya mkononi kana kwamba mimi ndiye dereva.

Barua pepe ikafunguka, akaunti ikafunguka, nikafungua bahasha. Cheti cha kuzaliwa: Yusufu. Cha kidato cha nne: Yusuph. Kitambulisho cha taifa: Yusuf.

"Rekebisha hapo hapo, si unayo kompyuta?"

Haya ndiyo ninayoombwa kila msimu wa maombi, na kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba umwongezee chumvi. Nikamwambia sifanyi. Akasema ni herufi mbili tu. Nikamkumbusha mwaka 2017, uhakiki ulipokuta watumishi 9,932 wana vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini, wengine wakiwa na miaka mingi kazini. Yeye cheti chake ni halali kabisa. Akishakigusa tu kinakuwa feki. Nenda kwa wakili, ukaape kiapo cha majina, ofisi ipo ng'ambo ya barabara, wahi kabla hawajafunga. Akaenda amenuna. Niliomba kimoyomoyo asirudi.

Alirudi na muhuri bado mbichi, ukaacha alama ya bluu kwenye kioo cha skana.

Hapo sikuwa naangalia saa tena. Barua yake ya maombi alinakili kwa rafiki, imeelekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri moja, wakati tangazo linataka iende kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira. Nikaichapa upya. Akasaini, nikaskani. Wadhamini watatu: wa kwanza mwalimu wake wa chuo, sawa, wa pili mjomba, wa tatu akaniangalia mimi. "Siwezi kukudhamini, kaka, sikujui." Akasema, "Tumekaa wote tangu saa 9." Nilicheka, nikiri, kwa mara ya kwanza tangu alasiri. Akampigia mchungaji wake.

Tulipofika kwenye kupakia viambatisho, umeme ukakatika Msamvu nzima. Tukakaa gizani, yeye na mimi na mashine ya kopi inayopoa. Akauliza, "Dada, hii kada ina watu wengi?"

"Mimi mmojawapo."

Akanyamaza. Halafu: "Sasa mbona unanisaidia?"

Kwa sababu ni kazi, nikamwambia, na ni elfu tano. Lakini nilijisikia vizuri kuulizwa. Watu wa nje wanadhani tunaviziana. Mimi ninayekaa kaunta nawaona: mwenye shahada ya uzamili anaomba nafasi ya stashahada, dada anayenyonyesha huku anajaza namba ya NIDA, baba anayejaribu mara ya mwisho kabla ya kufika 45, maana ndio ukomo wa umri. Wa kumvizia ni nani hapo?

Umeme ulirudi, mama mwenye duka akapiga kuuliza mbona sijafunga, maombi yakaenda. Usiku ulishaingia. Kaka akahesabu hela yake akatoa elfu tatu. "Kazi yenyewe ya dakika tano, dada." Sikujibu. Nilinyoosha mkono tu mpaka elfu mbili nyingine zikaja.

Nyumbani ugali ulikuwa umepoa. Nilikula huku nimevaa spika za masikioni, kwa sababu usiku kundi letu la WhatsApp hufanya mahojiano ya mazoezi: mmoja ni msailiwa, wengine jopo. Kwanza msimamizi alimtoa mtu aliyeingia akauza "maswali yenyewe ya mchujo" kwa elfu 50. Huyo kila wiki ana namba mpya. Kisha zamu ikaniangukia. Swali: mkuu wako anakuagiza ulipe vocha isiyo na viambatisho, utafanyaje? Nikajibu namrudishia kwa maandishi nikieleza upungufu, na akisisitiza namwomba agizo lake nalo liwe la maandishi. Mwenzetu mmoja akasema jibu zuri, ila kazini utahamishiwa wilaya isiyo na lami. Mabishano yakaenda mpaka macho yakaanza kujifunga yenyewe. Naamini jibu langu. Ninalohitaji ni kulisema bila kutetemeka sauti, kwa dakika mbili, mbele ya watu watano wasiotabasamu.

Nikiwa naweka alamu ujumbe ukaingia kutoka namba ngeni. Yule kaka. Ameipata namba kwenye bango la duka. Anashukuru, maombi yamepokelewa, na anauliza ile karatasi niliyobandika chini ya meza ni notsi za mchujo, nimtumie?

Nikamjibu: Zipo kamili, kurasa 64. Kopi shilingi mia ukurasa. Tunafungua saa 2.