Basi la mwisho, na mizani za Burns

Leo nina ofu, nje mvua, chai ya tangawizi iko mezani, basi ngoja niandike hii kitu kabla haijanitoka maana inanizunguka kichwani tangu mwishoni mwa Septemba.

Wengi wenu mnajua niko Dumfries, kusini magharibi mwa Uskoti, kazi yangu kulea wazee. Mkoa unaitwa Dumfries na Galloway, ni ng'ombe, kuta za mawe, mvua na barabara nyembamba, na kila nikipiga simu nyumbani Tanga lazima kuna mtu ataniuliza hivi huko porini unayapeleka wapi hayo mashairi yako, si bora ungekaa London. Mi hucheka tu. Jamani, huku porini kuna mambo.

Chukua Wigtown. Mji mdogo, watu elfu moja hivi, zamani walikuwa na kiwanda cha maziwa kikafungwa, cha wiski nacho kikafungwa 1993, watu wakabaki wanaangaliana. Alafu 1998 ukachaguliwa kuwa Mji wa Vitabu wa Uskoti, mwaka uliofuata tamasha la vitabu likaanza, na mpaka leo kila mwisho wa Septemba kuingia Oktoba wanakesha nalo siku kumi. Maduka ya vitabu yako zaidi ya kumi kwenye mji ambao pipi haijaisha mdomoni umeshaumaliza. Kuna duka moja linaitwa The Open Book, wewe unapanga chumba cha juu kama mgeni wa mapumziko na wakati huohuo duka la chini unaliendesha mwenyewe, unafungua, unauza, unafagia, yaani watu wanalipa hela yao ili wakafanye kazi ya dukani, na foleni ya kusubiri zamu ni ndefu sio mchezo. Nilimwelezea mama akasema hao wazungu wana nafasi.

Na pale Wigtown kuna shindano la ushairi, lina fungu la Kiingereza, fungu la Kiskoti na fungu la Kigaeli. Hapo kwenye Kiskoti ndo niliumbuka. Mi nilikuwa nadhani ni Kiingereza kilichopinda, nikamwambia hivohivo mama mmoja kwenye foleni ya kahawa, akaniangalia kama mimi ninavyomwangalia mtu anayesema Kimtang'ata, lahaja ya kwetu pwani ya Tanga, ni Kiswahili kibovu. Nikaomba radhi palepale. Ana lugha yake, ina washairi wake, ina matusi yake, sasa anapimwa kwa lugha ya jirani mwenye nguvu, nani asiyeijua hiyo.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kazini kuna mzee, sitasema zaidi, ambaye asubuhi wakati namvalisha soksi huwa anasoma kwa kichwa mashairi ya Burns, mshairi mkubwa wa Uskoti. Robert Burns huku ni kama maji, alihamia mkoa huu 1788 akalima Ellisland, shamba likamshinda, akawa afisa wa ushuru, anapanda farasi maili 30 au 40 kwa siku kukagua mapipa ya watu alafu usiku anaandika, 1791 akahamia Dumfries mjini na hapo ndipo alipofia 1796, miaka 37 tu. Nampenda kwa hiyo kazi ya ushuru kuliko kitu kingine chochote, na mimi natoka shifti saa mbili usiku miguu imevimba nikiandika mistari miwili najiona nimefika. Basi huyo mzee akisoma anagonga kidole kwenye mkono wa kiti. Siku hiyo sikuwa nasikiliza maneno, maana nusu siyaelewi, nilikuwa nasikiliza kidole. Nane. Nane. Nane. Nne. Nane. Nne.

Soksi ikabaki mkononi.

Babu yangu alikuwa anagonga hivyohivyo! Meza ya mbao, kidole cha shahada, tarbia yake, shairi la mistari minne kila ubeti, anaihesabu silabi nane kwa nane, ukizidisha silabi moja anasema mjukuu wangu, hapo limechechemea. Nikaenda kuangalia vizuri, kumbe huo ubeti wa mistari sita sio Burns aliyeutunga, aliukuta kwa washairi waliomtangulia ila aliupiga mpaka ukachukua jina lake. Vina vyake mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa tano vinafanana, wa nne na wa sita, ile mifupi, ina kina chake. Wao wanapima kwa mkazo wa sauti zaidi kuliko kuhesabu silabi kama sisi, kwa hiyo kuna mahali utakuta tisa, babu angegomba, lakini mifupa ni ileile.

Basi mwaka huu nikaomba ofu nikaenda tamashani. Kutoka Dumfries unakwenda Newton Stewart, unashuka, unapanda basi lingine. Nikakaa kwenye hema nikasikiliza watu wakisoma, nikanunua vitabu vitatu vya mtumba, alafu mchana nikashuka mwenyewe mpaka kwenye majani ya chumvi, pale maji ya bahari yanapopanda na kushuka, chini ya mji, kule walipofungwa kwenye nguzo wanawake wawili 1685, mmoja mzee, mmoja binti wa miaka 18, wote wanaitwa Margaret, walikataa kula kiapo cha kumtambua mfalme kuwa juu ya kanisa, wakaachwa maji yajae. Mtu aliyekulia pwani hawezi kusimama pale akawa kawaida. Nimecheza kwenye maji yakijaa, najua yanavyokuja, hayaji na kishindo, yanakuja kwenye vidole, alafu unaangalia nyuma uliposimama hapapo tena. Nilikaa sana.

Nikarudi juu, nikaingia kwenye mazungumzo ya jioni, nikatoka nikiwa nimechelewa dakika nne. Dakika nne! Kampuni ya basi sitaitaja jina, na kosa ni langu, ila mtu anayepanga basi la mwisho liondoke wakati mshairi bado anajibu maswali, huyo hapendi watu. Nikabaki kituoni na mfuko wa vitabu. Giza la huku sasa sio giza la kitoto, huu msitu wa Galloway umepewa hadhi ya hifadhi ya anga la giza tangu 2009, wa kwanza Uingereza nzima, watalii wanakuja na darubini kuangalia nyota. Usiku ule nyota hata moja sikuiona. Mvua ya pembeni na upepo unataka kuondoka na mtandio wangu. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa anakunja viti ndani ya hema, wa kujitolea, akaniona, akaniuliza unakwenda wapi, nikasema Dumfries, ni zaidi ya maili 50, akasema panda. Hakunijua, sikumjua. Njia nzima mbwa wake amelala miguuni pangu. Na mimi kwenye simu, mwanga nimeupunguza, vidole vinagonga goti:

Basi la mwisho lapita,
Na upepo wanivuta,
Giza nalo lanipata,
Hata mwezi
Wingu zito laufuta
Kama wizi.

Hesabuni wenyewe.

Mwezi uliofuata kulikuwa na openi maiki, jukwaa la yeyote kusoma shairi lake, hapa Dumfries, chumba cha juu ya baa, dakika tano kila mtu, watu ishirini labda, vichwa vya mvi vingi, mimi mweusi peke yangu. Nimeshasoma mbele ya watu Dar, ukumbi umejaa, sikutetemeka. Hapa nilitetemeka, na nimekuja kujua kwa nini. Dar nikiharibu natoka naingia kwenye daladala nimepotea, hakuna anayenijua. Huku uliyemsomea Alhamisi usiku ndo yuko mbele yako famasi Jumatatu, au ndo binti wa mzee unayemwogesha. Huna pa kujificha. Nafikiri ndo maana watu wa huku hawapigi makofi ya bure, wanajua wataonana na wewe tena, na wakisema kitu wanakuwa wamekipima.

Hela ndo tatizo, tusidanganyane. Tamasha la sanaa la mkoa lipo tangu 1979, linazunguka mpaka kwenye kumbi za vijiji, mwishoni mwa Mei wachoraji wanafungua studio zao unaingia bure mpaka chumba wanachosafishia brashi, Kirkcudbright (inatamkwa Kakubri, msiniulize) imejaa wachoraji tangu enzi. Lakini hapahapa mjini kuna Moat Brae, nyumba ambayo kwenye bustani yake mwandishi J. M. Barrie alicheza akiwa mtoto wa shule, bustani iliyokuja kuzaa hadithi yake ya Peter Pan, mtoto asiyekua, ikakarabatiwa kwa miaka, ikafunguliwa 2019 kama kituo cha fasihi ya watoto, 2024 ikafungwa, pesa. Nilipita wiki iliyopita nikachungulia getini nikaondoka, sikuwa na la kusema.

Ile openi maiki basi. Nilisoma ule ubeti wa basi, kwa Kiswahili kwanza bila kutafsiri. Nilipofika mstari wa nne, mzee mmoja pembeni mwenye kofia ya sufu akaanza kugonga glasi kwa ukucha, taratibu, na wa tano akaupata, na wa sita akaupata, na nilipomaliza alikuwa anacheka peke yake kama aliyeibiwa alafu akarudishiwa. Hakuja kunisalimia. Alivaa koti akaondoka.

Jumatatu nimetoka shifti, niko foleni na maziwa na vitunguu, nasikia nyuma yangu mtu anakohoa, nageuka, kofia ileile. Ananiangalia, ananyoosha kidole dirishani, basi langu linapiga kona nje ya duka, na kwa lafudhi ambayo babu angezimia anasema, "Lapita!"