Nilivyoacha Kuamka Saa Nane Usiku

Kwa miaka 9 sikujua kulala usiku mzima. Mtaani kwetu, Mbagala, maji ya bomba hutoka mara mbili kwa wiki, na hutoka usiku wa manane, kwa hiyo anayeyataka huamka akapanga ndoo zake. Nyumbani kwetu aliyeamka nilikuwa mimi. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji bila kuihesabu ndoo yenyewe, nami nilijaza 12, nikizibeba moja moja kutoka uani hadi kwenye pipa la jikoni. Nilipomaliza, adhana ya alfajiri ilikuwa karibu, na jiko la mkaa lilikuwa likisubiri kuwashwa kwa ajili ya uji wa watoto na wa mama mkwe wangu, ambaye amepooza upande mmoja na hugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache.

Mgongo ulipoanza kuuma niliona ni jambo la kawaida, kwani ni nani mtaani asiyeumwa mgongo? Kilichonitisha ni siku nilipomfokea mwanangu wa miaka 4 kwa kumwaga kikombe cha maji. Alijikunyata nyuma ya mlango, nami nikabaki nimesimama, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Juma hilo nilikwenda zahanati. Nilipimwa kwa siku tatu tofauti, na mara zote shinikizo la damu lilipita 140 kwa 90, kiwango ambacho kuanzia hapo huhesabiwa kuwa ni ugonjwa; siku ya mwisho lilikuwa 158 kwa 98. Nilipewa vidonge, nikaambiwa nipunguze chumvi na nipumzike. Kuhusu chumvi nilielewa. Kuhusu kupumzika nilitamani kumuuliza mhudumu nimwachie nani zile ndoo.

Niligeuza daftari la hesabu la mwanangu mkubwa, na katika kurasa za nyuma nikaandika kwa siku 7 kila kazi niliyofanya na muda wake: kufua, kuchambua mchele, kumwogesha bibi, kukesha na mtoto mwenye homa. Upande wa pili niliandika za mume wangu, bila kumpunja hata dakika. Zangu zilifika saa 91, zake 4. Baadaye nilisoma kwamba ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 iliona wanawake hufanya asilimia 76.2 ya kazi za matunzo zisizolipwa duniani, nikajisemea kwamba kwetu hata wastani huo ulikuwa mbali.

Sikumpa daftari siku ya ugomvi. Nilisubiri jioni ya Jumapili, ameshakula, nikaliweka mezani. Alisoma kimya, akarudi ukurasa wa kwanza, akauliza, "Hii ya saa nane usiku ni kila wiki?" Mtu tuliyelala kitanda kimoja miaka yote hiyo! Nikamwambia sitaki anisaidie, maana msaidizi husubiri kuagizwa na kuagiza nako ni kazi. Nilitaka baadhi ya kazi ziwe zake kabisa, azikumbuke mwenyewe. Akachagua maji. Mwezi uliofuata alinunua tanki la lita 500 lililokwisha kutumika, akalijengea msingi wa matofali na kulifunga boya, ili lijae lenyewe na kujifunga. Kijana wetu wa miaka 12 alichukua vyombo vya jioni na sare zake za shule. Wiki za mwanzo kola zilikuwa na weusi, nami nilijizuia kuzifua upya, jambo lililonigharimu kuliko nilivyotarajia. Wifi yangu alisema nimempa kaka yake limbwata. Tulimwomba basi aje kumuuguza mama yake kila Jumamosi, na sasa huja, ingawa si kila Jumamosi.

Baada ya miezi 5 kipimo kilisoma 134 kwa 84. Vidonge bado natumia na nimeonywa nisiviache kwa kujiona mzima, hivyo siwezi kusema ni tanki peke yake lililoniponya. Swali la leo tunapika nini bado ni langu mimi, na hilo sijapata wa kumkabidhi. Usiku wa maji bado nashtuka saa nane ile ile. Nasikia yakiingia kwenye tanki, boya linafunga, narudi kulala.