Pale Ale au IPA: jioni ya glasi tatu

Rafiki yangu anapika bia nyumbani kwake, na anaipika kwa uangalifu kuliko baadhi ya watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mwaka ule aliamua kuingia kwenye mashindano, na katika fomu nzima kulikuwa na nafasi moja iliyomkosesha raha: aina ya bia. Kwenye mashindano yanayofuata mwongozo wa BJCP, yaani shirika la Marekani la majaji wa bia, mshiriki mwenyewe ndiye anayetaja aina, kisha majaji wanaipima bia kwa sifa za aina hiyo na si nyingine. Bia nzuri ikiingizwa pasipo pake inapoteza alama wakati haina kasoro yoyote.

"Kaka, hii ni IPA," aliniambia kwenye simu. "Ile nyepesi, ya sesheni. Harufu ya hopsi imejaa nyumba nzima."

IPA ni kifupi cha India Pale Ale, bia inayotawaliwa na hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu; Pale Ale ni jirani yake, ambamo kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, nacho kinasikika. Namba hazikuweza kumhukumia kati ya hizo mbili. Uzito wa maji ya kimea kabla ya kuchacha, ukilinganishwa na maji matupu ambayo ni 1.000, ulikuwa 1.046, na chachu ilipomaliza kazi ukashuka hadi 1.011, kwa hiyo kilevi ni kama asilimia 4.6. Mwongozo wa 2021 unaipa Pale Ale ya Kimarekani asilimia 4.5 hadi 6.2. IPA ya sesheni, inayotengenezwa ili mtu anywe zaidi ya glasi moja na akili zake zibaki kichwani, inapewa 3.0 hadi 5.0. Uchungu aliukadiria kuwa 42 kwa IBU, kipimo cha uchungu wa bia: Pale Ale inaruhusiwa 30 hadi 50, na IPA ya Kimarekani 40 hadi 70. Bia yake ilikuwa imesimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Hapo karatasi imeishia, kazi inabaki kwa pua na ulimi.

Tulikwenda kwa mtu aliyenifundisha kuonja, ambaye wote tunamwita Mwalimu. Alitaka tuonje bila kujua kilichomo kwenye glasi, na bia za kulinganishia ziwepo. Kwa upande wa Pale Ale aliweka Sierra Nevada, ambayo imekuwepo tangu 1980 na ndiyo iliyowazoesha wanywaji wengi hopsi aina ya Cascade. Kilevi chake ni asilimia 5.6. Kwa upande wa IPA nyepesi aliweka All Day IPA ya Founders, asilimia 4.7. Mke wa Mwalimu alimimina jikoni na kuandika herufi chini ya kila glasi, kisha akatuletea.

Tulianza na pua. Mwalimu hamruhusu mtu kunywa kabla hajanusa, maana harufu nyingi za hopsi hukimbia mapema na hazirudi. Glasi A ilikuwa na maua, balungi kwa mbali, na nyuma yake mkate uliotoka kuokwa. Glasi B ilikuwa na machungwa na majani mabichi, kimea hukisikii mpaka ukitafute. Glasi C ndiyo iliyonishika: embe lililoiva sana, ganda la balungi, halafu utomvu wa msonobari, ule unaonata vidoleni ukivunja tawi bichi. Rangi yake ilikuwa dhahabu, yenye ukungu kidogo, jambo la kawaida kwa bia iliyotiwa hopsi nyingi baada ya kuchacha. Povu lake jeupe lilikaa na kuacha michirizi kwenye kioo.

"C ni IPA," nilisema.

"Ngoja ipate joto, mdogo wangu," Mwalimu akajibu.

Tukangoja. Zilikuwa zimetoka kwenye friji kwenye nyuzi 6 hivi. Baridi ya namna hiyo inauficha utamu wa kimea na kuufanya uchungu usikike mkali. Mtu akihukumu haraka anaweza kuita bia yoyote yenye hopsi IPA. Zilipokaribia nyuzi 12 nilipiga funda la C, nikalizungusha mdomoni, nikameza na kutoa pumzi puani. Embe lilikuwepo bado. Lakini katikati ya ulimi palikuwa na kitu kingine, mviringo, kama sukari iliyoanza kuungua, na uchungu ulipofika mwisho haukutawala. Ulikaa sambamba na kimea, vikaondoka pamoja. Kwenye B mambo yalikuwa tofauti kabisa: kimea kilipita haraka, hopsi zikabaki kooni muda mrefu, kavu na safi.

Mwalimu akamgeukia mpikaji. "Umetia kimea cha karameli?"

"Kidogo, Mwalimu. Niliogopa isiwe kama maji."

Hofu yake naiheshimu sana. Kilevi chenyewe kina utamu na uzito wake; ukikipunguza, uchungu ule ule unauma zaidi, na IPA nyingi za sesheni nilizowahi kuonja zinaangukia hapo, uchungu mtupu juu ya maji. Yeye alijilinda mara mbili. Kimea alikiloweka kwenye nyuzi 68, joto linaloacha sukari ambazo chachu haiwezi kuzila, kisha akaongeza karameli. Hatua ya kwanza ilitosha kuipa bia mwili. Ya pili ndiyo iliyoihamisha aina.

"Hii ni Pale Ale," Mwalimu akasema, "na ni nzuri. Ukiiingiza kama IPA watakuuliza hiyo karameli inatafuta nini. Ukiiingiza kama Pale Ale watakusifu kwa hopsi."

Rafiki yangu alinyamaza. IPA ndilo jina alilokuwa amelitaka, na nilimwelewa, kwa kuwa watu wengi wanadhani Pale Ale ni ngazi ya chini ya IPA. Si kweli. Ni mizani mbili tofauti: katika moja hopsi na kimea vinazungumza kwa zamu, katika nyingine kimea kinabeba tu. Kilevi kinaweza kulingana kwa nukta na bado bia zikawa mbali.

Aliiingiza kama Pale Ale. Karatasi za majaji zilirudi na wastani wa alama 39 kati ya 50, na mmoja wao alikuwa ameandika kuhusu embe na karameli kwa pamoja, kama sifa.

Pipa lililofuata alilipika bila karameli, joto la kuloweka akaliacha lilivyo, na kwenye lita 20 akatia gramu 150 za hopsi baada ya kuchacha. Hiyo ilikuwa IPA ya sesheni bila ubishi, na Mwalimu aliitambua kwenye funda la kwanza. Mimi naipenda zaidi ile iliyotangulia, na kila akiniuliza apike ipi, naitaja hiyo.