Siku 90 za molasi, usiku mmoja wa lori

Mlaji akikutana na nyama ngumu husema ng'ombe alikuwa mzee. Mara nyingi anamsingizia. Zebu, ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu, awe wa Tarime, mweupe wa Singida au mwekundu wa Iringa, ana ugumu wa kuzaliwa nao. Akishachinjwa, vimeng'enya viitwavyo kalpaini huanza kukatakata nyuzi za msuli, na hapo ndipo nyama hulainika. Protini nyingine, kalpastatini, huvizuia, na zebu anayo nyingi kuliko ng'ombe wa Ulaya. Lishe peke yake haimalizi tatizo hilo, ingawa bila lishe hakuna cha kujadili.

Kwa maksai wa kilo 200 anayenenepeshwa siku 60 hadi 90, mchanganyiko wa kilo 100 uwe hivi: pumba za mahindi 40, molasi (uji mzito mtamu unaobaki kiwandani baada ya kutengeneza sukari) 35, mashudu ya pamba 22, madini 1, chumvi 1, urea 1. Atakula kilo 5 hadi 6 za chakula kikavu kwa siku, na theluthi yake iwe nyasi kavu. Anayebana nyasi ili molasi ifanye kazi haraka hupata tumbo lililochacha, kuhara na ng'ombe anayesusa hori. Anza na kilo 1 ya mchanganyiko kwa siku, upandishe taratibu kwa siku 14.

Urea ndiyo inayoua. Iyeyushe kwenye maji, lita 2 kwa kilo 1, mpaka ukiingiza vidole usiguse chembe. Ndipo uimimine kwenye molasi, na molasi kwenye pumba. Bonge likibaki, atakayelipata hutetemeka, hutoa povu, hujaa tumbo na huweza kuanguka kabla hujamaliza kulisha wenzake. Siki lita 2 hadi 4 ya kumnywesha aliyepata sumu hiyo iwe karibu siku zote, na namba ya daktari wa mifugo pia. Ndama, na ng'ombe aliyetoka mnadani na njaa, wasipewe kabisa.

Kisha linakuja lori. Shinyanga hadi mnada wa Pugu ni karibu kilomita 1,000, na madume wasiojuana wanapigana pembe njia nzima. Glikojeni, yaani sukari iliyowekwa akiba msulini, inaisha. Nyama nzuri hushuka kutoka pH 7 (kipimo cha uchachu; kadiri inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) hadi kama 5.5 kwa kutumia sukari hiyo. Isipokuwepo, pH inagoma juu ya 6, nyama inakuwa nyeusi, inanata kisuni na inaoza mapema. Usiku mmoja wa kupumzika machinjioni hauirudishi: ng'ombe huhitaji siku kadhaa za kula na kutulia.

Hata baridi inaweza kuharibu. Zebu mwembamba hana mafuta ya kumfunika, hivyo nyama yake hupoa upesi. Ikishuka chini ya nyuzijoto 10 kabla pH haijafika 6, misuli hujikunja na ugumu huo hautoki. Subiri kwa muda wa kama saa 10, kisha uipeleke kwenye nyuzi 2 hadi 4 kwa siku 7 hadi 14. Bucha inayouza asubuhi kilichochinjwa usiku inauza msuli ukiwa umekakamaa.

Kuna njia isiyodai mashine: tundika mzoga kwa mfupa wa nyonga badala ya kisigino, misuli ya paja na kiuno inyooke. Tatizo, mguu unachomoza mbele kama wa ng'ombe aliyesimama, nao unakula nafasi ya chumba cha baridi, ndiyo maana wenye vyumba hivyo hawaipendi.