Kilomita zisiwe deni: safari ya kayaki ziwani kuchangia wanyama

Waandaaji wengi wa safari za kayaki (mtumbwi mwembamba wa kasia) za kuchangia shirika la wanyama huchangisha kwa kilomita: mfadhili anaahidi kiasi fulani kwa kila kilomita mtakayopiga kasia. Ni rahisi kuieleza, lakini sisi hatuipendekezi. Upepo ukichafuka siku ya tatu, kila saa mnayokaa ufukweni huonekana kama chakula mnachowanyang'anya mbwa wa kituo cha shirika hilo, na kundi lenye huruma zaidi ndilo huingia majini wakati usiofaa. Ombeni ahadi ya kiasi kamili, kinacholipwa hata msipofika mwisho. Andikeni wazi kwenye tangazo la kwanza: kiongozi anaweza kufupisha au kusimamisha safari wakati wowote, na mchango utawafikia wanyama vilevile.

Kabla ya tangazo hilo, shirika lenyewe liwe limewapa ruhusa ya maandishi kutumia jina na nembo yake. Liulizeni fedha zitafanya nini hasa. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lengo zuri kwa sababu linahesabika: hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili maambukizi yakatike. Michango iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika, isipitie simu ya kiongozi. Gharama za kukodi kayaki, chakula na usafiri mjilipie wenyewe.

Sasa ratiba. Kayaki yenye mizigo huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa ukijumlisha mapumziko, kwa hiyo kilomita 20 kwa siku zinatosha kundi la watu wa kawaida. Kwa kila siku nne za kupiga kasia, tengeni moja ya akiba. Fuateni ufuko badala ya kukata katikati ya ziwa, na mtie alama kwenye ramani kila mahali pa kutokea. Majabali na matete hayahesabiwi, hata kama kwenye ramani yanaonekana kuwa nchi kavu.

Upepo wa ziwani una saa zake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuja ufukweni. Huzidi alasiri, kisha usiku hugeuka. Ndiyo maana tunashauri kuondoka saa 12 asubuhi na kuwa mmeshavuta kayaki nchi kavu kufikia saa 6 mchana. Povu jeupe likianza kuonekana hapa na pale juu ya mawimbi, upepo uko kati ya kilomita 12 na 19 kwa saa: wageni wa mchezo huu watoke. Povu likienea, umevuka 20, na kundi lote litoke. Mawimbi ya ziwa hubanana na kusimama wima, hasa penye kina kifupi, kwa hiyo wimbi la nusu mita linaweza kumchosha mtu upesi.

Upepo unaotoka nchi kavu ndio wenye hila. Maji karibu na ufuko hubaki shwari, mtu akadhani siku ni njema, kumbe kila anavyosogea nje unamsukuma kwa nguvu zaidi. Siku hiyo kaeni karibu na ufuko kiasi cha kuweza kusimama majini, au msiondoke. Ngurumo ikisikika ndani ya sekunde 30 baada ya radi kumulika, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Tokeni, na msirudi majini hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Chombo kinachofaa ni kayaki yenye sitaha (sehemu ya juu) iliyofungwa, urefu wa mita 4.5 hadi 5.5, yenye vyumba viwili vya mizigo vilivyozibwa, kimoja omo (mbele) na kingine tezi (nyuma). Zile fupi za kutembelea ufukweni mara nyingi hazina ukuta wa ndani unaoziba sehemu ya mbele. Zikipinduka hujaa maji hadi omo, na kuzimaliza maji katikati ya ziwa ni karibu muhali. Maji ya kunywa na chakula, vitu vizito, vikae chini kabisa karibu na mpiga kasia. Hema na nguo viende kwenye ncha. Tezi ikilemewa, upepo huisukuma omo upande unakoelekea. Omo ikilemewa, kayaki hung'ang'ania kugeukia upepo unakotoka, na utapiga kasia upande mmoja hadi bega liwake moto. Tumieni mifuko mingi midogo isiyopitisha maji, ya lita 10 hivi, kwa kuwa ile mikubwa hugoma kupita kwenye mlango wa chumba cha mizigo.

Jaketi okozi livaliwe na kufungwa vifungo muda wote, si kukaliwa wala kufungwa juu ya sitaha. Fanyeni mazoezi ya kuokoana kabla ya safari, na kayaki ziwe na mizigo, kwa sababu uzito hubadilisha kila kitu. Aliyepinduka ashike kayaki yake na kasia. Mwokoaji aje kwenye omo ya kayaki iliyopinduka, aivute juu ya sitaha yake ili maji yamwagike, aigeuze, kisha azipange kayaki mbili sambamba, omo ya moja kwenye tezi ya nyingine, azilalie na kuzishika kwa nguvu. Aliye majini apige miguu, apande kifudifudi juu ya tezi, aingize miguu kwenye tundu la kukalia, ndipo ageuke. Omo ikiwa nzito mno kuinuka, msipoteze nguvu: apande kwanza, maji yatolewe kwa pampu. Kwenye maji baridi dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, na baada ya dakika 10 hivi vidole havishiki tena kamba. Vaeni kwa kupima baridi ya maji, hata kama juu kuna jua kali.

Maji ya ziwa yachemke dakika 1, au 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Yakiwa na utando wa kijani au buluu kama rangi iliyomwagika, msiyatumie kabisa: huenda utando huo ni wa bakteria wenye sumu, na sumu yao haiondoki kwa kuchemsha. Mbwa anaweza kufa kwa kulamba manyoya yake baada ya kuogelea humo.

Safari ya kuwasaidia wanyama haina haki ya kuwasumbua wengine. Ndege wakiinua vichwa na kuacha kula, mmeshawakaribia mno. Rudini nyuma polepole. Ziwa lenye viboko lisichaguliwe. Kiboko hula usiku na kurudi majini alfajiri, saa ileile tunayopendekeza kuondoka, na anayejikuta kati yake na kina yuko hatarini. Mkimaliza, osheni kayaki, zimwageni maji yote na zikauke siku 5 kabla ya kuingia ziwa jingine. Kipande kimoja cha gugu maji kilichonasa kwenye usukani kinatosha kuanzisha uvamizi.

Ndani ya wiki mbili, watumieni wachangiaji hesabu: kiasi kilichoingia, makato ya malipo, na kazi itakayofanywa. Siku mlizokaa ufukweni kwa sababu ya upepo zitajeni pia. Katika barua hiyohiyo ulizeni nani angependa kutoa kiasi kidogo kila mwezi, na atakayekubali mwunganisheni na shirika moja kwa moja.