Siku moja maishani mwangu: kufunga mizigo ya Galana

Adhana ya alfajiri ilinikuta Likoni nimekwisha kuvaa, na kabla ya saa 12 nilikuwa nimevuka feri. Kazi yangu ni kuwaongoza wageni kwa miguu katika Tsavo Mashariki, kando ya Mto Galana, lakini leo sitembei. Ni siku ya kufunga mizigo, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa kilichosahauliwa Mombasa hakipatikani tena ukishapiga hema chini ya mikoma.

Saa 1 asubuhi nilikuwa sokoni Kongowea pamoja na mpishi wetu, mzee anayechagua nyanya moja moja.

"Ami, hizi si mbichi mno?"

"Mwanangu, hizo ni za siku ya nne."

Saa 3 tulifika stoo, tukayasimamisha mahema yote uani na kuzipaka zipu nta ya mshumaa. Kisha nikayageukia madumu ya maji, ambayo simwachii mtu. Hufungua kila dumu la lita 20, nikaingiza pua na kunusa. Safari moja nilichukua dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa, nikaridhika kwamba nimelisuuza vya kutosha. Siku ya pili hakuna aliyeweza kuyanywa maji yake, na ikatubidi tukatize matembezi na kurudi garini juani. Galana yenyewe ipo, ila maji yake huwa na tope na hayanyweki bila ya kutuama na kuchemshwa. Tangu siku hiyo madumu ya kunywa hufungwa kitambaa cheupe shingoni.

Saa 8 mchana, baada ya kuswali, nilikutana na wageni wetu watano Mji wa Kale. Wawili walikuwa wamenunua mashati ya buluu iliyokolea, nami nikawaomba wayaache hotelini, kwani mbung'o huvutiwa na rangi hiyo, na ndiyo maana mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Niliwaeleza kwamba tutatembea kwa mstari mmoja, kimya, tukiwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, na kwamba hatutasimama kamwe kati ya kiboko na maji, kwa sababu huko ndiko anakokimbilia akishtuka. Niliwaeleza pia kwamba ndovu haoni mbali, bali hunusa mbali mno, kwa hiyo upepo ndio unaoamua tupite wapi. Walifurahi waliposikia kwamba Athi na Tsavo zikikutana huwa Galana, na kwamba mto huohuo, ukiitwa Sabaki, huingia baharini kaskazini ya Malindi. Watakuwa wakitembea kando ya maji yanayokuja pwani kwetu.

Saa 11 jioni tulipakia gari: madumu chini, mahema juu yake, na sanduku la huduma ya kwanza karibu na mlango, ambapo mkono unalifikia hata gizani.

Nilirejea Likoni saa 2 usiku. Mama alikuwa amenichekechea majivu ya jiko, laini kama unga, nami nikayatia katika soksi kuukuu na kuifunga fundo, iwe ya kupimia upepo. Nikasimama mlangoni, nikaitikisa mara moja, na vumbi jeupe likaelea polepole kuelekea bara.